Sekunde Kumi na Tano za Mama

Chumba cha Kuhariri Na. 3,
Ghorofa ya Pili,
Jengo la Televisheni.

Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

U hali gani, mwenzangu? Shemeji hajambo? Na huyo Kidosho wenu, jino la pili limeshatoka au bado analitafuta kwa kutafuna viatu vya baba yake? Mbusu shavuni, shavu la kushoto, lile lenye kishimo, umwambie busu limetoka kwa mama yake mkubwa. Mimi sijambo, ukiacha mgongo, na mgongo si habari mpya kwa mtu aliyekaa kitini miaka ishirini na miwili. Mama mdogo naye yupo. Goti linamsumbua, lakini mdomo ni mzima wa afya.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Nimeipa mashine kipindi cha kesho iunganishe picha na sauti, nayo imeniambia nisubiri dakika hamsini, basi nimekaa na chai yangu na karatasi za ofisi. Kwa simu tungegombana dakika ya pili, kisha ungeniambia mtandao umekatika. Barua haikatiki. Utanisikiliza hadi mwisho, utake usitake.

Haya, tuingie penyewe. Kwanza usimgombeze mumeo. Alinipigia juzi akiwa amejificha jikoni, maana nilisikia maji ya bomba ameyafungulia ili usimsikie. Akaniambia umeahirisha upasuaji tena. Mara ya pili! Daktari amesema uvimbe bado ni mdogo, ukitolewa sasa ni kazi ya saa mbili na siku kumi za kulala hospitali, ukiachwa hawezi kuahidi kitu. Na wewe unajibu nini? Kwamba mtoto bado mdogo. Halafu shemeji akashusha sauti akasema, "Dada, tatizo si kisu. Hataki kumwacha mtoto mlangoni kama alivyoachwa yeye."

Mlango huo naujua. Mimi nilikuwepo, nina miaka tisa, na wewe ulikuwa na miezi saba. Wewe unaujua kwa filamu tu. Na aliyekufundisha kuuogopa ni mimi.

Sijasahau. Ulikuwa na miaka minane, ukaiba barua yangu ya yule mvulana wa duka la vitabu ukaisoma kwa sauti mbele ya mama mdogo na majirani wawili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikakukamata nyuma ya nyumba nikakwambia, hata mama alikuona mzigo, ndiyo maana alikutupa mbiombio. Hukuamini. Nikakuvuta sebuleni nikakuwekea kaseti ya filamu ile ili ujionee. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini siku ile wangu ulivunja kitu, na tangu hapo kila jamaa wakikusanyika na ile kaseti ikawekwa, wewe ulikwenda jikoni kuosha vyombo visivyo na uchafu. Nilikuona kila mara. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa mwoga.

Na wengine sote tulicheka! Mama anatoka mlangoni kama kuku aliyemwagiwa maji. Mimi pembeni naruka kamba kama panzi mwenye kichaa. Mama mdogo anapunga mikono kama anafukuza nyuki. Mama anamkabidhi mtoto, mtoto anamshika mkono, mama anatikisatikisa mkono ajichomoe kwa mshtuko kama aliyeshika pasi ya moto, huyo, anakimbilia gari, kwisha. Hakurudi kutoka hospitali aliyokwenda siku ile. Dakika mbili na sekunde arobaini, ndiyo mama pekee uliyewahi kumwona akitembea.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa nne. Nililetewa filamu kuukuu ya mechi ya mpira niitengeneze kwa ajili ya kipindi cha michezo. Wachezaji wanakimbia kama siafu, kipa anadaka mpira kabla hujaona umepigwa. Nikawa nacheka peke yangu. Mwenzangu wa sauti, huyu tunayemwita Masikio, akachungulia akasema, "Mkasi, unacheka nini? Hao walipigwa picha kumi na sita, wewe unawaonyesha kwa ishirini na tano. Wapunguzie, wapumue."

Nikueleze jambo hili vizuri, maana barua yote imekaa juu yake. Picha ya sinema haitembei, mdogo wangu. Ni picha zilizotulia tuli, zimepangwa foleni, kila moja imesogea kidogo kuliko iliyotangulia, na macho yako yenyewe ndiyo yanayojaza mwendo. Sisi hapa tunakuonyesha picha ishirini na tano kila sekunde. Kama kamera nayo ilipiga ishirini na tano, mtu anatembea kama alivyotembea. Kama ilipiga kumi na sita tu, ule mwendo wa sekunde nzima unaumaliza kabla sekunde haijaisha, na mtu mzima mwenye heshima zake anageuka kuku.

Na watu wanahisi, hata wasiojua. Wiki iliyopita sauti ya msoma habari ilichelewa picha nne tu nyuma ya midomo yake, chini ya kupepesa jicho, na simu zikalia hadi mkubwa wetu akatoka jasho. Mama mmoja alisema yule bwana anaongea kama mtu anayesemewa na mwingine chini ya meza. Masikio alikosa raha siku mbili.

Basi nikawapunguzia wale wachezaji. Wakawa watu. Kipa akawa anauona mpira, anauogopa, anaurukia. Nikaweka kikombe chini. Kichwani nikamwona mama akitoka mlangoni.

Kinyozi hajinyoi, ndiyo maana yake hasa! Miaka yote hii nanyoosha mwendo wa watu nisiowajua, na mama yangu mzazi nimemwacha akikimbia kama kuku. Sikuwahi kufikiri kuna kosa. Filamu ile niliijua kabla sijaijua kazi, nikadhani ndivyo alivyokuwa.

Jumamosi yake nilikwenda kwa mama mdogo kumwuliza kama mkanda wenyewe upo, maana kaseti ni nakala ya nakala, ukungu mtupu. Akainuka na goti lake, akatoa kopo la biskuti juu ya kabati. Chini ya vifungo na sindano, mkanda huo! Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote. Akanijibu, "Uliniuliza lini?" Kweli, sikuwahi kuuliza.

Tukaupeleka maabara, kila picha ikanakiliwa peke yake. Picha elfu nne kamili. Zilivyo safi! Kwenye kaseti mkono wako ulikuwa doa jeupe, sasa naziona hata kucha zako.

Hapa ndipo nilipofanya upumbavu, na nakuomba usinifiche ukicheka. Sikutafuta mwendo wa kweli. Nilitafuta mwendo mtamu. Nilikuwa na deni la maneno yale ya nyuma ya nyumba, nikataka kulilipa kwa siku moja. Nikampunguza mama hadi picha kumi kwa sekunde, nikalainisha, akawa anaelea kama bibi harusi wa tangazo la sabuni. Nikalia mbele ya skrini. Nikakupigia simu, nikakwambia mama hakukutupa, nina ushahidi, anakwenda polepole. Nawe ukaniambia, "Dada, ninyi watu wa televisheni mnaweza kumfanya hata chura aonekane analia kwa mapenzi." Ukakata.

Niliudhika, sikufichi. Nikakuita majina manne. Kisha nikampelekea mama mdogo filamu hiyo anitetee. Akatazama mara moja, mikono mapajani, akaniuliza, "Huyu nani?"

"Mama."

"Dada yangu hakuwa mlegevu hivi. Alikuwa akitembea kama mtu mwenye shughuli. Na hiyo kamba yako inaelea hewani kama moshi, ulikuwa mzimu wewe? Mrudishe dada yangu."

Nilirudi kazini nimenywea. Nimrudishe wapi? Ile kamera haikuwa yetu, ilikuwa ya mteja. Baba, fundi saa, alikuwa ameitengeneza springi yake, na mteja akamwachia mkanda mmoja wa kuijaribia. Asubuhi ile mama anaondoka ndiyo alipoijaribu. Springi ya kutengenezwa na fundi saa juu ya meza ya barazani inakwenda mwendo gani? Kumi na sita? Kumi na nane? Kumi na nne? Baba angejua, na baba hayupo wa kuulizwa. Na mimi sasa niliona haya kubahatisha, maana chura wako alikuwa amenikalia kooni.

Siku tatu nikaitazama filamu ile nikitafuta kitu ambacho hakiwezi kunidanganya. Kamba, hapana, kila mtoto anaruka kwake. Hatua, hapana. Siku ya nne Masikio akaja na andazi lake, akaliweka juu ya karatasi zangu kama kawaida yake, akaonyesha kona ya juu ya skrini. "Ile nini pale ukutani?"

Saa ya baba! Ile kubwa ya barazani aliyoitundika wateja waone kwamba fundi mwenyewe hakosei. Aliipatanisha na redio kila asubuhi, na ole wako uiguse. Kwenye kaseti ilikuwa doa jingine tu. Nikakuza kona ile. Saa nne kasoro dakika nane, na mshale wa sekunde, mwembamba kama unywele, unatembea.

Nilihesabu picha mojamoja tangu mshale ulipogusa kumi na mbili hadi ulipogusa tatu. Sekunde kumi na tano. Nikapata picha mia mbili na arobaini. Nikahesabu tena, mia mbili na arobaini. Masikio akahesabu, akapata mia mbili thelathini na tisa, nikamwambia ni andazi hilo, akarudia, akapata arobaini. Gawa kwa kumi na tano. Kumi na sita kwa sekunde, bila kupungua. Fundi alikuwa fundi, bwana! Kamera ilikuwa sawasawa tangu siku ile. Aliyekosea ni yule aliyeihamishia filamu kwenye kaseti bila kuuliza, na sisi tuliocheka.

Kuna kazi kidogo ya kuziingiza picha kumi na sita kwenye nafasi ishirini na tano. Kati ya kila kumi na sita unarudia tisa, na ukizirudia ovyo mtu anakwamakwama. Nilizipanga kwa mkono. Wiki mbili za saa za chakula cha mchana, ndiyo maana nimekonda, ukiniona usiulize.

Sasa filamu ni dakika nne na sekunde kumi. Piga hesabu. Dakika moja na nusu ya mama yetu ilikuwa imetupotea mikononi na hatukujua.

Anatembea, mdogo wangu. Kwa haraka kidogo, kama mtu mwenye shughuli, mama mdogo alisema kweli. Nami naruka kamba vizuri tu, kwa maringo. Anakupa kwa mama mdogo. Wewe unakishika kidole chake cha shahada. Mshale uko kwenye kumi na mbili. Mama anatulia. Hajichomoi. Anatazama kile kingumi chako, anasema kitu, midomo inaonekana lakini maneno hatutayapata kamwe, kisha kwa mkono wa pili anaanza kukufungua vidole. Kimoja. Anapumzika. Cha pili. Wewe unakirudisha cha kwanza! Anacheka, meno yanaonekana. Anaanza upya. Kidole cha mwisho kinapoachia, mshale uko kwenye tatu.

Sekunde kumi na tano. Ndizo hizohizo nilizokuwa nikihesabu siku nzima, macho yangu yako kwenye saa, sikuona kinachoendelea chini yake, kama nilivyokuwa sikukiona alipokuwa akielea, maana siku hiyo nilitazama mwendo tu, tena kwa machozi. Nilipoona nilitoka nje nikasimama kwenye korido hadi mfagizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini zamani.

Ule mshtuko tuliouchekea miaka yote ni mama akikufungua vidole, umeharakishwa na kufunikwa na ukungu wa kaseti hadi tukaona mkono unaotikisika tu.

Sitakudanganya sasa. Akishatoka hapo anakwenda kwenye gari na hageuki nyuma. Nimetazama zaidi ya mara arobaini nikitamani ageuke. Hageuki. Ningeweza kukuficha hilo, ni kukata tu, na kukata ndiyo kazi yangu. Nimeliacha. Nilimuuliza mama mdogo kwa nini, naye, huku akilikanda goti lake, akasema, "Hakuwaficha uso ninyi watoto. Alinificha mimi. Ningemwona analia ningelia nami, na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba mtoto." Yeye ndiye dada yake, namwamini. Wewe amini utakavyo.

Filamu iko kwenye flashi ndogo nyeusi ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa pamba. Lakini usinisadiki mimi. Mimi ni mtu wa televisheni. Chukua saa ya mkononi ya baba, ile uliyoichukua wewe nami nikanuna mwaka mzima, itie ufunguo, iweke kando ya skrini. Mshale wa ukutani ukigusa kumi na mbili, angalia wa mkononi mwako. Itakwenda sawa na ile, sekunde kwa sekunde. Kama mama amepunguzwa hata kidogo, saa ya baba itaniumbua.

Nisamehe kwa maneno yale ya nyuma ya nyumba. Nilikuwa msichana mwenye hasira ya barua, na wewe ulikuwa mtoto. Nimechelewa miaka mingi kusema hivi, na hakuna mashine ya kulirekebisha hilo. Nakupenda sana, na naogopa sana. Mama aliumwa moyo, wewe ni uvimbe mdogo, daktari ameona, ameshika, ameshapanga tarehe. Usiniache niwe na filamu mbili.

Kwa hiyo nimeomba likizo. Wiki tatu, kuanzia tarehe ishirini. Mkubwa alikunja uso, nikamwambia basi ahariri mwenyewe, akaukunjua. Nitafika siku mbili kabla ya tarehe mpya aliyoitoa daktari. Ndiyo, shemeji ameshaichukua, ishirini na tano, na hilo nalo usimgombeze. Kidosho atabaki na mimi. Najua kubadilisha nepi, nilijifunzia kwako, na ulikuwa mkorofi.

Nisalimie shemeji, mwambie bomba la jikoni sasa anaweza kulifunga. Masikio anakusalimu ingawa hamjuani, ananiambia kila siku, kwa alivyokuona kwenye filamu, kwamba tunafanana mdomo. Mama mdogo anakusalimu kwa nguvu zote, amenituma nikuletee lile shuka alilokuwa amekufungia nalo siku ile, analo bado, nami sikuuliza kwa nini hakusema.

Mungu akupe moyo, ampe daktari mkono mtulivu, akurudishe mlangoni kwako ukitembea kwa miguu yako. Nami asubuhi hiyo nitakuwa nimesimama hapo. Mkabidhi mwanao kwangu. Atakishika kidole chako, watoto wote hushika. Usikivute, wala usione haya mbele ya dereva. Mfungue kidole kimoja kimoja, na akikirudisha, anza upya. Ukigeuka nyuma, utanikuta nakutazama. Saa sitaitazama.

Ni mimi dada yako akupendaye tangu una miezi saba na ngumi ngumu,

Mkasi